Kishikio cha Ndege ya Mapunda

Jumapili, 4 Agosti

Baridi asubuhi. Nimefua shati la kazi, nimelianika kwenye seng'enge. Mgongo unauma upande wa kushoto, palepale pa wiki iliyopita. Mahindi yanaingia godauni kwa fujo, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na wabebaji ni sisi walewale.

Mchana uwanjani Lizaboni na Mapunda, fundi wa kuchomelea, kurusha ndege. Mdogo wangu aliniuliza kwenye simu ni ndege gani hiyo ninayoisema kila mara, nikashindwa kumweleza. Hapa naweza. Ni ndege ndogo, mabawa yake mawili ukiyapima hayafiki urefu wa mlango. Ina injini ya kweli, inakunywa mafuta, inapiga kelele kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Haina rimoti. Nyaya mbili nyembamba zinatoka kwenye bawa mpaka kwenye mpini anaoushika rubani, naye amesimama katikati ya uwanja. Ndege inamzunguka, yeye anageuka nayo. Akilaza mpini nyuma, inapanda. Akiulaza mbele, inashuka. Ni mbuzi aliyefungwa kamba, isipokuwa mbuzi huyu anaruka. Injini Mapunda aliachiwa na bruda mmoja wa kizungu alipokuwa kijana wa karakana ya misheni. Mbao na vitambaa ametengeneza mwenyewe.

Kazi yangu ni mkia. Mapunda akishawasha, mimi nachuchumaa nyuma, naushika, nazuia. Yeye anatembea hadi katikati, anaokota mpini, anajaribu juu, anajaribu chini, kisha ananiinamishia kichwa. Naachia. Pasipo mtu wa mkia ndege ingeondoka kabla rubani hajafika kwenye mpini. Mara chache tunabadilishana, mimi narusha, yeye anashika. Mimi narusha vibaya.

Leo nimechelewa kuachia. Kanitukana mbele ya watu.

"We Mhehe! Umeng'ang'ania mkia kama wa mbwa wa Krismasi!"

Nikamjibu nilidhani ni wa panya, nikaona nisimpotezee Mngoni kitoweo. Watu wakacheka. Mhehe na Mngoni ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, sisi tumebaki na matusi: sisi wala mbwa, wao wala panya. Tangu alipokuja kuchomelea mlango wa godauni hatujawahi kusalimiana vizuri. Hapa Songea sina mtu mwingine wa kunitukana hivyo. Wengine wananiita kaka, na hawajui naishi wapi.

Jumatano, 7 Agosti

Mapunda amekufa.

Ameanguka kazini jana jioni akiwa ameshika kifaa cha kuchomelea. Wamesema presha. Alfajiri hospitalini akakata roho.

Nimebeba magunia mpaka saa nane. Sikujua la kufanya zaidi ya kubeba.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumemzika leo. Naandika nikiwa nimechoka na nina hasira juu ya mdomo wangu.

Mtani msibani ana kazi yake. Akikaa kimya kama wengine, wafiwa wanaona amewatenga. Mhehe nilikuwa peke yangu. Nilipofika tu, shangazi mmoja akaniuliza kama nimekuja kuzika au kutafuta mbwa. Basi nikaanza. Nikavaa miwani ya Mapunda ya kuchomelea. Nikalala mlangoni jeneza lisipite, nikisema huyu ana deni langu la matusi, hajanijibu la Jumapili. Nikaingia ndani nikaichukua ndege yake ukutani, nikatoka nayo uani.

Pale ndipo niliposema. Nikasema huyu Mngoni mlimsifu bure, kurusha alikuwa hajui, alikuwa ananishikia mkia tu. Nikasema siku ya arobaini mtaona wenyewe, nitairusha hapo Lizaboni peke yangu, hatanishikia mtu, ili mjue nani alikuwa rubani.

Uani wote wakaangua kicheko, maana wote wanajua nani alikuwa anashika mkia. Hata mjane, Mama Kolumba, alicheka akiwa amekalia mkeka. Tangu Jumatano alikuwa hajafungua mdomo hata kwa maji. Nilifurahi. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Baada ya kuzika akaniita. Hakuwa anacheka tena. Akasema, "Shemeji, ndege kaa nayo. Siku ya arobaini tutakuja uwanjani. Umesema mbele ya jeneza."

Nikamwambia shemeji, ule ulikuwa utani. Akasema anajua. Akarudia kwamba watakuja.

Jumamosi, 10 Agosti

Ndege iko juu ya sanduku langu. Chumba ni kidogo, bawa linagusa chandarua. Sijalala vizuri.

Kuirusha naweza kidogo. Kuirusha peke yangu haiwezekani. Ningekuwa na mikono ya kufika kila upande wa uwanja nisingekuwa mbeba magunia. Nikimtafuta mtu wa mkia nimekuwa mwongo mbele ya marehemu. Nisipoirusha, vilevile.

Mjinga mimi.

Jumapili, 18 Agosti

Jumapili ya kwanza niliyokwenda uwanjani bila yeye. Ile iliyopita nilijificha ndani.

Nimetengeneza kitu. Nakiita kishikio. Ni kipande cha ubao wa mlango kilichotupwa nyuma ya godauni. Juu yake nimepigilia komeo la mlango, lile la chuma la kusukuma. Chini ya mkia wa ndege nimefunga kitanzi cha waya. Komeo linapita ndani ya kitanzi, linakizuia. Ubao nimeukaza ardhini kwa misumari mirefu ya paa. Kwenye komeo nimefunga kamba inayokwenda mpaka katikati ya uwanja, pale pa kusimama rubani. Nikivuta kamba, komeo linatoka, ndege inaondoka. Kichwani ni rahisi sana.

Nimejaribu bila kuwasha injini. Navuta, linatoka. Navuta, linatoka. Nimecheka peke yangu uwanjani kama kichaa. Nilitaka kumwonyesha mtu. Aliyekuwepo ni ng'ombe.

Mafuta sikuyagusa. Chupa ina kidogo. Ni spiriti ya aina yake iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na aliyejua yanakopatikana ni Mapunda. Yakiisha yameisha.

Jumapili, 25 Agosti

Siku mbaya.

Nimewasha injini. Ilikubali haraka, nikaona ishara njema. Nikatembea hadi katikati. Nikashika mpini, nikajaribu juu, chini. Nikavuta kamba. Komeo halikutoka. Nikavuta tena. Halikutoka. Injini inavuta mbele kwa nguvu, kitanzi kimelikaba komeo, na mimi navuta kwa pembeni. Wiki iliyopita lilitoka kwa sababu hakuna kilichokuwa kinalibana. Hilo sikulifikiria. Nimesukuma milango mingi maishani lakini sikuwahi kufungua komeo huku mtu anausukuma mlango.

Nikavuta kwa nguvu zote kama gunia. Misumari ikang'oka. Ndege ikageuka na ubao wake mkiani, ikanijia kwa chini huku inajipigiza. Pangaboi ya puani ikapasuka. Bawa la kulia likachanika na kijiti cha ndani kikavunjika. Injini ikanyamaza.

Kelele zilipoisha ndipo nikasikia wanaopita barabarani wanacheka. Sikuwatazama. Nimekusanya vipande ndani ya shati langu.

Jumatatu, 26 Agosti

Magunia. Niliangusha moja likapasuka, nyapara akanifokea mpaka wenzangu wakaona haya kwa niaba yangu. Nikazoa mahindi.

Wenzangu wanajua habari za ndege. Mmoja kaniuliza, "Rubani, abiria wamepona?" Siku nyingine ningecheka.

Alhamisi, 29 Agosti

Naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Lori la mahindi lilikuwa linaondoka leo kwenda Iringa. Dereva ni mtu wa kwetu Kilolo. Akasema kaa mbele, nitakushusha nyumbani kwenu. Nikaenda chumbani, nikakunja nguo, nikaweka godoro kwa jirani. Ndege nikaiacha juu ya sanduku. Nilipanga jirani aipeleke kwa mjane nikishafika mbali.

Nikapanda. Nikakaa. Vibali vya mzigo vikachelewa. Nikawaza mama atakavyofurahi, na kwamba huko hakuna anayejua nilisema nini mbele ya jeneza la nani. Nikawaza pia kwamba Mama Kolumba atasema Mhehe kakimbia, na kwamba itakuwa utani mzuri, watautumia miaka. Na kwamba Mapunda hatakuwepo nimjibu.

Nikashuka kukojoa. Sikurudi. Dereva alipiga honi, kisha akaondoka.

Sijui kama huo ni ujasiri au ni miguu tu. Godoro nimelirudisha.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Kolumba kumwambia nimeivunja. Nilibeba vile vipande ili nisipate nafasi ya kudanganya.

Nyumbani hakuwepo. Nikaambiwa yuko shambani nyuma, kwenye mabua. Nimemkuta amechuchumaa anatega panya. Mahindi yakishavunwa hapa ndiyo msimu wake. Nikamwonyesha bawa. Alilishika muda mrefu. Kisha akauliza, "Imekuumiza?" Nikasema hapana. "Basi kaa chini, unatisha panya wangu."

Sikutukana. Sikuwa na nguvu. Nilimweleza habari za komeo, jinsi lilivyokabwa. Akanisikiliza huku mikono yake inaendelea na kazi. Aliupinda mti mbichi mpaka ncha ikagusa ardhi, na ule mti ulikuwa na nguvu, ungeweza kumtoa mtu jino. Nikasubiri nione ataufunga kwa kitu gani kikubwa. Akauzuia kwa kijiti. Kijiti kama cha kiberiti kirefu.

Nikamwuliza kwa nini hakivunjiki.

"Kwani kinashindana nao? Mti unavuta huku, kijiti kinazuia hapa kwenye ncha tu. Panya akikigusa na pua, mti wenyewe unafanya kazi. Nyie mbwa hamumtegi, mnamwita jina anakuja, mtajulia wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia arudie. Aliurudia ule mtego mara nyingi mpaka akachoka nami. Nikajilaza kifudifudi kwenye vumbi kuangalia kijiti kinavyotoka. Mzigo wote uko kwenye mti. Kijiti hakibebi karibu chochote, ndiyo maana kinatoka kwa kuguswa. Mimi nilikuwa nalilazimisha komeo libebe kila kitu, halafu nataka litoke.

Bawa amebaki nalo. Kasema atalishona, ndiye aliyelishona hata zamani. Hilo sikulijua. Mapunda alisema ametengeneza mwenyewe. Mwongo yule.

Jumanne, 3 Septemba

Jioni baada ya kazi. Nimeanza kishikio kipya.

Ubao uleule. Komeo nimelitupa. Nimepata bapa la chuma, nimelitoboa na kulifunga kwa bolti ili lizunguke. Upande mfupi umesimama, ndio unaoshika kitanzi cha mkia. Upande mrefu umelala nyuma. Injini ikivuta, bapa linataka kuzunguka mbele na kuachia. Kinachozuia ni msumari mwembamba kwenye ncha ya ule upande mrefu. Kamba imefungwa kwenye msumari. Nauvuta, ndege inajifungulia yenyewe.

Ni mtego wa panya. Nimetengeneza mtego wa panya, mimi Mhehe. Nashukuru hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 6 Septemba

Sina mafuta ya kuchezea, kwa hiyo injini yangu ni ndoo. Nimefunga kamba kwenye kitanzi, nikaipitisha juu ya tawi, upande wa pili ndoo ya mchanga. Ndoo inavuta, kishikio kinazuia. Nikivuta msumari, ndoo inaanguka.

Inaanguka kila mara. Nimeongeza mchanga. Nimeongeza mawe. Bado msumari unatoka kwa vidole viwili.

Kosa moja. Kutembea kwenda kwenye nafasi yangu nilikanyaga kamba, ndoo ikaanguka nikiwa njiani. Ingekuwa ndege, ingekwenda na nyaya zake kwenye nyuso za watu. Sasa kamba inapita mbali na njia yangu, na msumari nauwekea kijiwe cha kuuzuia mpaka niwe tayari. Hapana. Kijiwe nitakitoaje nikiwa katikati? Nimefuta hilo. Nitatembea polepole na kutazama chini, basi.

Jumapili, 8 Septemba

Bawa limerudi. Mshono wake huwezi kuuona mpaka upitishe kidole. Pangaboi ya akiba nimeikuta kwenye boksi la marehemu, aliichonga mwenyewe, ina alama ya penseli ambayo hakuifuta.

Nimejaribu kwa injini, mafuta kidogo tu. Nikavuta. Ikaondoka! Ikaondoka mara moja kama iliyofukuzwa. Nikaduwaa, nikasahau kwamba natakiwa kurusha. Ikapanda sana, nikaishusha sana, mafuta yakaisha, ikatua kwa kurukaruka, ikalala ubavu. Haikuvunjika.

Kishikio kinafanya kazi. Rubani ndiye mbovu.

Mafuta yaliyobaki ni ya kuruka mara moja.

Alhamisi, 12 Septemba

Kaka mkubwa wa Mapunda amefika kutoka Peramiho kwa ajili ya arobaini. Wote wanamwita Baba Mkubwa. Nilikwenda kumsalimia. Nikasema shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

Akaniambia mambo ya ndege yaishe. Kwamba mtani hutania, haahidi. Kwamba mdogo wake alipoteza Jumapili zake kwa mchezo wa watoto, na hataki watu waje kula wali wa arobaini halafu waende uwanjani kucheka. Na kwamba vitu vya marehemu vitarudi kwa ndugu, ndege ikiwemo.

Hakuwa anagomba. Alisema kama mtu aliyechoka. Macho yake ni ya Mapunda kabisa, yamewekwa kwenye uso wenye hasira.

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke kwenye ahadi yangu. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo mzee. Mwezi uliopita ningesema. Leo nikasema, "Mzee, nitairusha, kisha mtaichukua." Mama Kolumba alikuwa anapepeta mchele pembeni. Ungo wake ulisimama.

Naogopa Jumamosi. Nikifeli hawatasema Mhehe kafeli. Watakumbuka kwamba jambo la mwisho kuhusu Mapunda lilikuwa ndege iliyoanguka.

Jumamosi, 14 Septemba

Misa asubuhi. Kaburini. Chakula. Sikuweza kula. Shangazi yule akanikazania.

"Kula, au tukuchemshie mbwa koko wa jirani?"

Nikaisogeza sahani pembeni. Akanitazama vizuri, akanisogezea maji.

Saa kumi wakaja uwanjani. Nilidhani watakuja wachache. Walikuja wote, wazee kwa viti, wapishi na masufuria yao. Upepo ulikuwepo, wa pembeni, si mzuri. Nikakaza kishikio ardhini, kila msumari nikaupiga mpaka ukazama. Nikapachika kitanzi. Nikatandaza nyaya na kamba. Mpini nikauweka katikati, nikaufunga kitambaa chekundu upande wa juu nisiushike kichwa chini.

Nikamimina mafuta yote. Nikatikisa chupa. Basi.

Injini ilikataa. Nikazungusha pangaboi kwa kidole, ikakohoa, ikakaa kimya. Tena. Tena. Ikanikata kidole. Kisha ikashika. Zile kelele zikajaa uwanja, na mtu mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti. Nikajua ni Mama Kolumba, kelele hizo ndizo alizokuwa akizisikia kila Jumapili kutoka jikoni kwake. Sikugeuka.

Nikatembea. Polepole, macho chini, kamba mbali. Nikafika. Nikavaa kitanzi cha mpini mkononi. Juu. Chini. Mkia ukaitikia.

Nikainua macho, nikaona mtu anakimbia kuelekea ndege. Baba Mkubwa. Ameona ndege inatetemeka pale peke yake, haina mtu, akadhani itaondoka. Suti yake, viatu vyake vya misa, anakwenda kuchuchumaa pale ninapochuchumaaga mimi, mikono imeshanyooka kuelekea mkiani. Hatua chache tu aguse. Angeushika mkia na msumari ukatoka, sijui. Vidole vyake. Uso wake.

Nikapiga kelele. "Toka hapo we mla panya! Usiguse! Toka!"

Mzee wa watu. Siku ya arobaini ya mdogo wake.

Akasimama kama aliyepigwa. Nikavuta kamba.

Ikaondoka. Ikakimbia ardhini, ikamwacha amesimama palepale mikono hewani, ikainuka. Niliishika chini, nikaiacha ipande kidogokidogo, sikufanya madaha. Nilizunguka nayo. Upepo uliisukuma upande mmoja, nikawa narudi nyuma hatua moja kila inapofika hapo, kama alivyokuwa anafanya Mapunda. Sikujua kwamba nilikuwa nimejifunza hilo. Nilikuwa nimeliangalia tu kutoka mkiani.

Kila mzunguko nilipita mbele ya kile kishikio. Kibao kidogo ardhini, hakuna mtu. Yeye alikuwa anaona mtu pale. Mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho alikuwa ananiona mimi nimechuchumaa nafuta vumbi machoni.

Mafuta yalipoisha ikanyamaza juu, ikaja chini taratibu, magurudumu yakagusa, ikakimbia, ikasimama. Imesimama kwa miguu yake. Mimi nikakaa chini kwa kizunguzungu.

Vigelegele. Sikumbuki vizuri.

Baba Mkubwa akanijia. Nikainuka, nikaanza kuomba radhi, nikasema shikamoo kwa mara ya pili siku ileile. Akanikata.

"Umeniitaje?"

Nikasema, "Mimi mtani, mzee."

Akanisogelea, nikajua nimeharibu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kama Mapunda, kwa pua. Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akalia, na akaniachia nione.

Kurudi nyumbani wakaikomboa ndege kwangu. Mtani akikamata kitu cha marehemu, ndugu lazima wakikomboe. Kawaida ni kuku. Mama Kolumba akaleta sahani imefunikwa. Nikafunua. Panya wa kukaushwa, kwenye kijiti, kila mmoja na mkia wake. Uani wote wakasubiri. Shangazi akawa ameshaanza kupiga makofi.

Nikala. Wote. Hata sikutema mfupa.

Wana ladha nzuri. Hilo nisingemwambia Mapunda kamwe.

Ndege nimemkabidhi Baba Mkubwa. Aliibeba mwenyewe mpaka ndani ya gari, hakukubali kijana yeyote aishike. Aliuliza mkia unashikwaje. Nikamwonyesha.

Jumapili, 15 Septemba

Nimelala mpaka jua likaingia. Nimefua shati la kazi.

Kidole kimevimba kidogo. Mgongo vilevile. Mama alipiga simu kuuliza nitakuja lini, nikasema mahindi yakiisha. Nadhani ni kweli.

Mchana miguu ilinipeleka kwenye mlango, nikakumbuka hakuna pa kwenda.

Kishikio wameniachia. Hakuna aliyekidai, hakikuwa cha marehemu. Nimekifuta vumbi la uwanja, nimetia mafuta kwenye bolti. Nikakikaza ardhini nje ya mlango wangu, nikaweka msumari, nikarudi nyuma mpaka kamba ilipoishia. Nikavuta. Bapa halikuzunguka, hakuna kilichokuwa kinalivuta.

Nikarudisha msumari mahali pake. Nikakiingiza ndani.